Mikanda Kumi na Miwili ya Buluu

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya tisini na saba ng'ambo. Zimebaki themanini na sita.

Asubuhi nimewafundisha walinzi wa geti la pili la kambi. Wanane. Jua lilikuwa limeshashika bati la banda, nikawasogeza ukutani. Shemeji amefanya kazi nzuri. Shemeji ni ule mguu wangu wa suruali kuukuu uliojazwa matambara, ndani una mpira wa maji mekundu unaotoka kwenye dumu. Mume wangu aliutengeneza kwa vipuri vya pampu kabla sijaondoka. Askari wenyewe ndio walioupa jina, eti namshika kwa adabu kama shemeji mgeni. Sawa. Waucheke, mradi wajifunze.

Kazi ni moja: damu inatoka pajani, una nusu dakika. Mkanda juu ya jeraha, vuta, kisha zungusha kijiti. Mara tatu. Funga kijiti kwenye kishikizo. Hesabu kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, ili na mwenzako ajue umefika wapi.

Twiga — koplo mrefu, kichwa chake hugonga kila kizingiti — sekunde 41. Alikuwa anachekesha watu. "Afande, Shemeji ananiangalia vibaya!" Nikamwambia Shemeji hana macho, mwenye macho ni mimi. Akarudia: 33. Kimya, mwenzake wa zamu, sekunde 26. Kimya haongei na mtu, lakini akianza kuhesabu anapaza sauti kama mnadi. Wote wanamcheka. Mimi nimemwandikia alama ya juu.

Twiga tena, mbele ya wote: "Afande, hata mikanda nayo inapakwa rangi ya kucha?" Ndiyo, inapakwa. Mikanda kumi na miwili ya mazoezi nimeipaka rangi ya buluu kwenye ncha ya kijiti, chupa aliyonitilia mdogo wangu begini kwa mzaha, eti nisisahau kuwa mwanamke. Haikuwahi kugusa kucha zangu. Kijiti cha plastiki kikizungushwa mara mia, mia mbili, kwa macho bado ni kizima ila ndani kimeshachoka. Wa mazoezi hauendi getini. Nimewaimbia mpaka nimechoka: ukiona buluu, si wa damu.

Hesabu ya leo: kabatini na mikononi mwa walinzi, mizima 36. Ya mazoezi 12. Kwenye rejista ya stoo imeandikwa 48, yote mizima. Walionitangulia ndio walioharibu kumi na miwili kwa mazoezi na hawakuandika popote. Fomu ya kuomba mingine nimejaza mara tatu. Majibu — hakuna.

Alhamisi, 7 Machi

Tangazo ubaoni. Jumanne ijayo, ukaguzi wa vifaa kutoka makao makuu. Alhamisi yake, bodi ya mafunzo: watu watatu, kunipima mimi. Nikipita napata cheti cha ukufunzi, nikirudi nyumbani nafundisha chuo cha matabibu wa jeshi. Nisipopita narudi chumba cha vidonda, chini ya vijana niliowafundisha mwenyewe kushika sindano.

Miaka kumi na tisa. Niliingia hospitali ya kambi nikiwa dobi. Shuka za wodi namba nne. Nilijifunza dawa kwa kusoma kadi zilizoning'inia miguuni mwa vitanda, na damu nilijifunza kwa shuka: natazama doa, nakisia nusu lita, lita, kisha namuuliza muuguzi. Nikawa sikosei. Kozi ya tabibu wa kikosi niliifeli mara mbili kwa sababu ya lugha ya vitabu, ya tatu nikashika nafasi ya pili kati ya 44. Wa kwanza alikuwa mtoto wa kanali. Hilo nimelisamehe. Karibu lote.

Daktari wetu ni luteni, ana miaka ishirini na saba na shahada. Mtu mwema, hana kiburi. Lakini ripoti za mafunzo ninayofundisha mimi zinatoka na sahihi yake, na kule zinakokwenda hawajui kama nipo.

Nimempigia mume wangu mchana, Fundi kama ninavyomwita. Yuko juu ya dari la watu anatengeneza tangi, anaongea na mimi huku anamfokea msaidizi wake. Nimemweleza habari ya vijiti. Akasema alishaniambia: hata waya wa chuma ukiupinda pale pale kila siku, hukatika pale pale, na haukuagi. Nikamuuliza mtoto anaendeleaje na hisabati. "Anakufuata wewe, anahesabu hata vipande vya nyama nisimpunje." Nimecheka peke yangu nyuma ya tangi la maji.

Jumatatu, 11 Machi

Hesabu Sawa amekuja. Sajini wa stoo — kila ukimuuliza kitu anajibu "hesabu sawa", hata ukimuuliza habari za nyumbani. Tumefika hapa ndege moja. Mtu wa kukugawia sabuni yake.

Amekaa kwenye kreti, amevua kofia. Anataka mikanda yangu ya mazoezi ikae kabatini kesho wakati wa ukaguzi. Saa mbili tu. Mkaguzi atahesabu 48, ataweka tiki, ataondoka. Bila hivyo kumi na miwili inahesabiwa imepotea mikononi mwake, na yeye anastaafu Juni.

Nikamwambia: ina alama ya buluu, mkaguzi ataona.

"Hilo niachie, dada yangu."

Nikamwambia tuandike ukweli, barua fupi, tuweke sahihi wote wawili. Akanitazama. "Wewe Alhamisi una bodi. Unataka wakukute na barua ya upotevu wa vifaa?"

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo ilivyo. Nimempa boksi.

Jumanne, 12 Machi

Ukaguzi umekwisha saa tano. Mkaguzi alihesabu kwa kidole, hakushika hata mmoja. 48. Akasukuma fomu: msimamizi wa vifaa vya tiba asaini hapa, kwamba yote ni mizima na iko tayari kwa kazi. Msimamizi ni mimi. Hesabu Sawa alikuwa anatazama dari.

Nimesaini.

Niandike hapa ili nisije nikajidanganya baadaye: nilijua ni 36. Kalamu haikutetemeka.

Saa nane boksi limerudi. Kumi na miwili, timamu. Lakini buluu hakuna! Ameifuta yote kwa petroli na tambara. Nikamuuliza, sasa nitaijuaje? Akasema si hiyo hapo, kumi na miwili, hesabu sawa.

Nikaushika mmoja mmoja. Harufu. Tisa inanuka petroli hadi inakuna koo. Mitatu hainuki kitu, vitambaa vyake bado vigumu, vijiti vinang'aa. Mitatu hiyo ni mipya. Kwa hiyo mitatu ya mazoezi imebaki kwenye mizima.

Nikakimbilia kabatini. Ile aliyoikusanya kwa walinzi kwa ajili ya ukaguzi, mchana huo huo alikuwa ameshawagawia tena: wanane geti la kwanza, wanane geti la pili, wanane mnara na doria. 24 nje. Kumi na miwili kabatini — nimenusa yote kama mbwa. Safi.

Mitatu katika 24. Mmoja kwa kila wanane.

Nimemwambia Daktari. Nimemweleza yote, isipokuwa sahihi. Sahihi nimeiruka. Akakuna kidevu, akasema kuwanyang'anya walinzi vifaa vyote kwa mpigo kunahitaji amri ya Mkuu wa kambi, na Mkuu atauliza kwa nini. Nizungukie taratibu mwenyewe. "Si unaijua kwa pua, Sajini?" Alitania. Nikaona ni busara kweli. Sote wawili tuliona ni busara.

Jumatano, 13 Machi

Geti la kwanza, mikanda minane: mmoja unanuka. Nimeubadilisha, mlinzi hata hakuuliza. Mnara na doria, minane: mmoja. Nimepanda ngazi za mnara mara tatu kwa magoti haya, kwa sababu wa juu kabisa alikuwa amelala zamu ikiwa imekwisha na pochi ameilalia.

Miwili kati ya mitatu.

Geti la pili hawapo. Wamesindikiza malori ya maji tangu alfajiri. Wamerudi saa kumi na mbili jioni, vumbi mpaka kwenye kope, wakaenda moja kwa moja kuoga na kula. Ningeweza kuwafuata pale mezani. Ningeweza hata kuwaita kwa redio: nyote wanane, pochi zenu, kwangu. Lakini redio inasikika kambi nzima, na wale watu watatu wa bodi walikuwa wameshafika, wanakunywa chai ofisini kwa Mkuu.

Nimeshinda jioni napitia somo la kesho. Kesho baada ya bodi, geti la pili, kitu cha kwanza.

Mmoja katika wanane.

Alhamisi, 14 Machi

Twiga.

Paja la kushoto. Yuko hai. Helikopta imeondoka saa tano kasorobo. Daktari amekwenda naye.

Mikono yangu nimeosha mara nne. Siandiki zaidi leo.

Ijumaa, 15 Machi

Sasa niandike kwa mpangilio.

Saa moja na dakika ishirini asubuhi nilipita geti la pili. Nilikuwa kwenye pikapu na Shemeji nyuma, napelekwa ukumbi wa mafunzo ng'ambo ya barabara ya ndani. Walikuwa wameshapanga zamu. Twiga akapunga mkono, akapaza sauti: "Afande! Shemeji anaolewa leo? Mbona mmempakia kama bibi harusi?" Wote wakaangua kicheko. Mimi pia. Nikapunga.

Bodi ilikuwa inaanza saa mbili kasorobo. Nilikuwa na dakika ishirini na tano. Kufungua pochi, kunusa, kufunga: sekunde 40, nilikwishajipima jana yake. Kwa watu wanane — sekunde 320. Dakika tano na sekunde ishirini.

Sikusimamisha gari. Nilikuwa nimepiga pasi sare mpya, sikutaka vumbi.

Bodi ilikwenda vizuri. Hata sasa naona aibu kuandika, lakini ilikwenda vizuri sana. Yule mama wa katikati, kanali mstaafu, aliweka kalamu chini akawa ananisikiliza tu. Nilikuwa nafundisha kuhesabu kwa sauti. Saa nne na dakika sita, milio. Mitano au sita mfululizo, kisha gari linakwenda kasi, kisha bunduki zetu.

Redio ilikuwa mezani. Mmoja wao kule getini alikuwa amekandamiza kitufe bila kujua, maana kila kitu kilikuja. Mtu analia. Kisha sauti ya Kimya. "Moja! Mbili! Tatu!" — ile ile sauti ya mnadi. Anahesabu kama nilivyomfundisha. Ukumbi mzima tumesimama tunasikiliza. Kumi na tisa, ishirini. Mwili wangu ulikuwa umeshaanza kukimbia na masikio yamebaki mezani. Nilifika mlangoni kwenye ishirini na nane. Ishirini na tisa.

Halafu mlio mdogo. Tak. Kama mtu aliyevunja kijiti cha meno.

Hesabu ikakatika. Halafu akaanza upya: "Moja! Mbili!"

Hatua mia mbili na kumi toka ukumbini hadi getini. Nilimkuta amepiga magoti, ametumia mkanda wake mwenyewe, ameufunga, umeshika, damu imesimama. Kazi safi kuliko ya darasani. Kwenye changarawe doa nimelipima bila kutaka: lita moja na robo, labda na nusu. Twiga alikuwa na rangi ya majivu. Akanitambua. Akasema kitu kuhusu Shemeji, sikukisikia chote.

Nimepiga hesabu. Mkanda wa kwanza, wa Twiga, sekunde 29. Kuutoa, kufungua pochi yake mwenyewe kwa mikono yenye damu, karibu 20. Wa pili, 27. Badala ya 29, imekuwa 76. Sekunde 47 za bure, na mshipa wa paja hausubiri.

Walipombeba nikabaki. Nikapekua changarawe kwa vidole. Kipande cha kijiti kilikuwa chini ya kiatu cha Kimya. Nimekigeuza juani. Mwenye petroli hakufika kwenye mfereji mdogo kule nchani. Umebaki uzi wa buluu, mwembamba kama unywele.

Kiko kwenye shashi, mfuko wa kulia.

Jumamosi, 16 Machi

Hospitali kubwa wamepiga simu. Twiga ameamka, ameomba maji. Mguu wameuacha kwanza, damu haipiti vizuri chini ya goti. Watajua Jumanne.

Kimya hali chakula. Amekaa nyuma ya banda la jenereta ambapo mtu hata akisema hasikiki. Nimempelekea chai. Akaipokea, akasema — nadhani ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuniambia — "Afande, nilizungusha mara tatu. Nadhani tatu. Kama ilikuwa nne je?"

Nikamwambia ilikuwa tatu.

"Hukuwepo."

Nikamwambia nilikusikia kwa redio, ulikuwa na pumzi ya mtu anayezungusha mara tatu. Upuuzi! Nani anasikia pumzi? Lakini alinishika mkono wa sare akanitazama kama mtu aliyepewa dawa.

Saa tisa Daktari ameniita. Amerudi na macho mekundu, nguo zile zile. Ripoti ameshaandika. Kurasa mbili. Nimesoma: kijiti kilivunjika kwa kuzungushwa kupita kiasi, kosa la mtumiaji chini ya mshtuko. Anapendekeza askari husika arudishwe nyumbani kwa mafunzo upya. Pale chini kuna nafasi ya mkufunzi kuthibitisha. Mimi.

Nikasema, Daktari, nilikuambia Jumanne.

Hakukataa. Akafunga mlango. Akasema ametazama fomu ya ukaguzi, sahihi ni yangu, 48 mizima. Akisema alijua, na yeye amekwisha. Nikisema mimi, nimekwisha zaidi, maana niliandika uongo. Hesabu Sawa anastaafu. Kimya ana miaka ishirini na minne, kurudishwa si kufukuzwa, atapona. "Mmoja anaumia kidogo, Sajini, au watatu wanaumia sana. Wewe ndiye mtu wa hesabu."

Hakuwa anatisha. Alikuwa anaomba. Nikamwambia nipe mpaka Jumatatu, baraza la uchunguzi likiketi.

Nimempigia Fundi. Nilimweleza nusu nikaishia. Nikamsikia anaweka spana chini. Halafu: "Huyo kijana ana mama?" Nikasema ana mama na dada watatu. Akasema, "Mm." Basi. Nilitaka aniambie la kufanya ili nimlaumu. Miaka kumi na sita ya ndoa, bado ananinyima raha hiyo. Mtoto akachukua simu, akauliza cheti kimeshatoka? Alikwishawaambia shuleni mama yake atakuwa mwalimu wa madaktari. Nikamwambia si wa madaktari, wa matabibu. Akasema ni yale yale.

Jumapili, 17 Machi

Bahasha imekuja kwa gari la barua. Nyeupe, nzito, muhuri mwekundu. Nimefaulu. 91 kwa 100. Yule kanali mstaafu ameongeza kwa mkono wake: mwanafunzi aliyehesabu kwa sauti siku ile ni ushahidi tosha wa ufundishaji.

Nimesoma mstari huo mara saba. Wanampa Kimya sifa kwenye karatasi yangu, na kesho kwenye karatasi nyingine wanampa kosa.

Hesabu Sawa alikuwa anapita na toroli, akaona muhuri, akanipa mkono. Mkono wake umelowa jasho. "Hongera, dada yangu." Akasimama kidogo. Nikamtolea kile kipande, nikamwonyesha ule uzi wa buluu. Alikigusa kwa ncha ya kidole. Hakusema hesabu sawa. Alisema, "Nilitumia tambara bovu." Akaendelea na toroli, gurudumu moja linapiga kelele toka mwezi wa kwanza.

Jumatatu, 18 Machi

Benchi nje ya ofisi ya Mkuu. Saa tatu na dakika kumi. Tumeambiwa saa tatu.

Benchi ni la watu wanne, tuko wawili. Kimya amevaa sare iliyopigwa pasi vibaya, mikunjo miwili kila mguu. Anahesabu kitu kwa midomo, hatoi sauti. Nadhani ni vigae. Nami nimevihesabu: 66, viwili vimepasuka.

Daktari yuko ndani tayari. Ripoti iko ndani. Niliirudisha asubuhi bila sahihi, bila neno. Aliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Sijui alielewa nini. Sijui nilitaka aelewe nini.

Nimefanya hesabu yake tangu Jumamosi na inakubali kila njia. Mmoja kidogo, watatu sana. Ni sahihi. Ninachokwama nacho ni kwamba Twiga hayumo. Daktari hakumhesabu upande wowote. Na yule mlinzi wa kambi nyingine, ambaye wiki ijayo mtu wa stoo wake atataka 48 itimie — naye hayumo. Kama kosa ni la Kimya, vijiti havina kosa, na mikanda iliyochoka itaendelea kujaza makabati ya watu siku za ukaguzi. Hakuna atakayepaka buluu.

Lakini pia nataka kile cheti. Niandike na hilo. Nakitaka vibaya sana! Nilipokuwa dobi nilikuwa naingia wodini kwa mlango wa nyuma, na toroli. Chuoni wakufunzi wana mlango wao. Nimeuona. Una kitasa cha shaba.

Ndani wanaongea. Sauti ya Mkuu, kisha ya Daktari, chini chini. Mtu mmoja ameuliza kama kuna maandishi yoyote ya wakati ule, tofauti na fomu ya ukaguzi. Nimesikia vizuri, mlango haufungi sawasawa. Daktari amesema, kwa ufahamu wake, hakuna.

Daftari hili. Kurasa kumi na nne toka tarehe nne. Nimezihesabu sasa hivi. Hesabu ya 36 na 12 ipo. Harufu ipo. Niliyomwambia Daktari ipo, na lile nililoliruka lipo. Dakika tano na sekunde ishirini zipo. Sare yenye pasi ipo, na kitasa kipo, na mtoto kuwaambia shuleni. Sikuandika ili mtu asome. Nikichana kurasa za katikati uzi utalegea, wataona. Nikilitoa, nalitoa lote.

Mfuko wa kulia, kijiti. Kushoto, bahasha. Nilikuja nayo, sijui kwa nini. Sikutaka kuiacha bwenini.

Saa tatu na dakika kumi na tisa. Simu ya hospitali ni kesho.

Karani ametoa kichwa. Anayetangulia ni Kimya.

Kimya amesimama, nimemvuta kwa mkanda wa suruali akarudi chini. Nimemwambia karani natangulia mimi. Karani anasema orodha haisemi hivyo, ngoja aulize. Ameingia, ameacha mlango wazi. Namwona Daktari, anatazama daftari lililo magotini kwangu.

Kimya ananinong'oneza: "Afande, ni zamu yangu." Nimempa bahasha anishikie, daftari nabaki nalo. Nimemwambia asiikunje.